Lugha ya Kuulizia Marehemu

Kwa mara ya nne mwaka ule Charifa alikaa mkekani mbele ya Fundi Mmadi, ushungi ameuvuta mpaka kwenye nyusi, akauliza swali lile lile: yeye ni mke wa mtu au ni mjane?

Fundi, kama Wangazija wa kisiwa cha Nosy Be wanavyomwita mwalimu wao wa dini, hakuwa mtu mkali. Alikuwa ametoka Ngazidja mwaka juzi tu. Kimalagasi chake kiliishia kwenye salamu na bei ya samaki, na mambo ya Mahajanga aliyasikiliza kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya pili. Alijua yale yaliyojulikana na kila mtu: kwamba Desemba ya 1976 Wangazija waliuawa katika mji ule na Wabetsirebaka, wahamiaji wa kutoka kusini-mashariki, kwamba maelfu ya waliosalia walipakiwa kwenye ndege na meli, na kwamba Daoudou, mchoma mikate, hakuonekana kwenye ndege wala kwenye meli. Sasa ulikuwa mwaka 1981.

"Umeiona maiti, Bweni?" alimuuliza, akitumia neno la heshima la kumwitia mwanamke.

"Sikuiona, Fundi. Ningeiona ningekuja kuuliza?"

"Yupo aliyeiona?"

"Watu wanasema."

"Watu wanasema," Fundi alirudia kwa upole. "Wapo waliosemwa wamekufa, kisha wakaandika barua kutoka Moroni. Niletee mtu aliyemzika. Vitabu vinataka mashahidi wawili waadilifu, lakini kwa siku zile nitaridhika na mmoja, hata kama si wa dini yetu, ilimradi nimsikie kwa masikio yangu. Mumeo alikuwa na alama?"

"Jino la dhahabu. La juu, kushoto. Alilitia mwaka alionioa. Mama yangu akasema huyu bwana anaolewa yeye."

Fundi alitabasamu kidogo, kisha akaona haya. "Akithibitika kufa Desemba ile, eda yako imekwisha zamani. Huna haja ya kukaa hata siku moja."

"Yaani nimeshamaliza kukaa eda?"

"Ndiyo."

"Bila kujua?"

Charifa alitoka nje. Miaka minne na nusu alikuwa ameacha kujipaka wanja kwa ajili ya mume ambaye huenda hakuwa mume tena, akilala jikoni kwa kaka yake pamoja na binti yake, juu ya mkeka ambao wifi yake aliukunja kila asubuhi hata kabla hawajanawa uso.

Kaka mwenyewe, Zoubeiri, fundi cherehani wa mjini Andoany, alikuwa akimngoja mlangoni. "Amesemaje?"

"Anataka mtu aliyemzika."

"Na Ibouroi anataka jibu kabla ya Ramadhani." Ibouroi alikuwa mgane wa makamo aliyetaka kumwoa Charifa, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua maua ya mlangilangi, mtu asiye na ubaya wala uzuri wa kusimulia. "Dada, mimi sikufukuzi. Lakini nyumba unaiona."

Charifa aliiona. Wiki ile ile alimshika mkono Faouzia, binti yake wa miaka kumi na miwili, wakapanda meli ya mizigo kwenda Mahajanga.

*

Rabiata aliwapokea katika mtaa wa Ampisikina. Alikuwa miongoni mwa Wangazija wachache ambao hawakuondoka. Mumewe wa pili alikuwa Msakalava na alimficha siku zile ndani ya ghala la chumvi. Rabiata ndiye aliyemwambia Charifa habari za Neny Vola.

"Yuko pale pale nyuma ya tanuri lenu. Mbetsirebaka, mzee sasa. Watu wa pale wanajua kuwa alizika watu wawili kwa mikono yake: kaka yake na Mngazija mmoja."

Charifa hakungoja hata chai. Tanuri la Daoudou lilikuwa limebaki kuta mbili na shimo, na mbuzi wa mtu amefungwa ndani. Nyuma yake, mbele ya kibanda cha mabati, mwanamke mwembamba alikuwa amekaa anasuka mkeka. Charifa alimsalimu kwa Kimalagasi, kisha akasema moja kwa moja yaliyomleta: "Ni wewe uliyemzika mume wangu, yule mchoma mikate?"

"Sijui," mwanamke alijibu, wala hakuinua macho.

Alirudi kesho yake akajibiwa vile vile. Siku ya tatu mwanamke aliingia ndani akafunga mlango, na Charifa akabaki amesimama pale na mbuzi anamtazama. Alirudi kwa Rabiata akilia kwa hasira.

"Umemuuliza kama polisi," Rabiata alimwambia.

"Nimemuuliza kwa Kimalagasi! Mimi nimezaliwa mji huu!"

"Kimalagasi chako ni cha kununulia mchele. Wale wametoka mbali huko, kusini-mashariki. Usemi wao una mizunguko yake, na maiti wao haulizwi kama chenji. Sisi tumekaa nao miaka mingapi, Charifa? Walitubebea maji, wakatuvutia vigari vya puspus, wakatuzolea uchafu. Nani kati yetu alijifunza wanavyozungumza msibani?"

Charifa alitaka kubishana. Akijikagua, aliyoyajua ya usemi wa Wabetsirebaka yalikuwa maneno matatu: njoo, beba, nenda.

"Wao walituua," alisema mwishowe.

"Wapo waliotuua," Rabiata alijibu. "Mimi pia sielewi, mwenzangu. Kila nikijaribu kuelewa kichwa kinauma, basi naenda kupika."

*

Pa kujifunzia palikuwa mahali pamoja tu: bombani. Kila alfajiri wanawake wa Kibetsirebaka walipanga ndoo zao kwenye bomba la mtaa, na huko ndiko walikozungumza kwa raha zao bila kumlainishia mtu maneno. Charifa alinunua ndoo, akapanga foleni. Siku ya kwanza walinyamaza wote mpaka alipoondoka. Siku ya pili mmoja aliisogeza ndoo yake nyuma kwa mguu. Alijaribu kuwasalimu kwa namna yao, wakacheka mpaka maji yakamwagika. Hakujua kama wanamcheka matamshi au wanacheka kumwona bibi wa Kingazija, mwenye bangili, anabeba maji aliyokuwa akibebewa.

Aliendelea kwenda. Ndugu wa mumewe waliobaki mjini walipita wakamwona na ndoo kichwani, wakageuza nyuso kama waliomkuta anaiba. Mmoja alimuuliza kama amekuwa mtumishi. Alijibu kuwa amekuwa mwanafunzi, na ndugu yule akaenda kutangaza kwamba mke wa Daoudou ameingiwa na wazimu.

Faouzia ndiye aliyemuumiza zaidi. Binti alikataa katakata kukanyaga bombani. Alikuwa na miaka saba siku zile za fujo na alikumbuka sauti, hata kama hakukumbuka nyuso. Jioni moja Charifa alikuwa akichambua mchele huku akinong'ona maneno aliyoyaokota asubuhi, na Faouzia akasimama ghafla.

"Usiongee hivyo humu ndani."

"Hivyo vipi?"

"Kama wao. Ukiongea hivyo nasikia wanaingia."

Charifa alirudi kuchambua mchele. Hakumbishia, kwa sababu na yeye wakati mwingine, katikati ya foleni, neno moja la kawaida kabisa, neno la kumwita mtoto au kufukuza kuku, lilimfanya aishike ndoo kwa nguvu. Lugha aliyokuwa akiitafuta ndiyo lugha aliyoikimbia. Alilala akiichukia, akaamka akaenda kuisikiliza tena.

Wiki ya tano Neny Vola, ambaye siku zote alichota maji bila kusema kitu, alisimama karibu yake. Charifa alikuwa anamuuliza mwanamke mwingine habari za mtoto wake mgonjwa.

"Usiseme hivyo," Neny Vola alimwambia. "Hivyo ndivyo daktari anavyosema. Sema: mtoto ameniletea shida gani mimi. Shida uifanye yako kwanza."

Charifa alirudia kama alivyoambiwa. Neny Vola alitikisa kichwa kwa kuridhika kidogo, akajitwisha ndoo, akaenda zake. Tangu siku ile Charifa alikuwa akipita kibandani kwake mchana, wakasuka mikeka pamoja, na bibi akimsahihisha. Habari za kaburi hazikutajwa. Charifa alijifunza kukaa nazo mdomoni bila kuzitema, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko maneno yote.

*

Mtoto yule mgonjwa alikufa. Wanawake wa bombani walikwenda kuhani, na Charifa akaenda nao, na mchele kidogo kwenye kitambaa kama wenzake. Walikaa upande wa mlango. Mkubwa wao alizungumza kwa niaba ya wote, polepole: tumesikia nyumba hii imepungua, na sisi tumepungua, tumekuja na mikono mitupu kukaa chini pamoja nanyi, kama tumechelewa, kosa ni letu, tusameheni kabla hamjatujibu. Kisha wakangoja. Mama wa mtoto alipojibu alieleza kila kitu tangu mwanzo, homa ilivyoanza, mtoto alivyoomba embe, nani alimfumba macho. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Charifa alielewa, na alivyoelewa aliona aibu. Neny Vola alifiwa na kaka yake siku zile zile za fujo, na tangu hapo hakuna Mngazija hata mmoja aliyekwenda kukaa mlangoni kwake. Yeye mwenyewe alikwenda mara tatu, na mara zote alikwenda kudai.

Kesho yake alifunga mchele, akavaa kanga iliyofifia, akakaa upande wa mlango wa kile kibanda. Alisema yote kama alivyoyasikia. Nyumba hii imepungua. Na mimi nimepungua. Nimechelewa miaka minne na nusu. Kosa ni langu.

Neny Vola aliuweka mkeka chini. Alipoanza kuzungumza hakukoma.

"Walikuwa wawili kwenye tanuri. Wangu alikuwa anampasulia kuni wako, unajua. Wako angeweza kukimbia mapema. Wangu angeweza kutoka tu mlangoni, yeye hawakuwa wanamtafuta. Wote hawakutoka. Kwa nini, sijui. Labda mikate ilikuwa bado motoni. Mimi nilifika baadaye. Nyuso zilikuwa zimejaa damu na majivu, sikuweza kutazama. Niliwafunga kwenye mikeka yangu miwili ya kuuza, nikachimba, nikawalaza pamoja hapo nyuma. Nikajiambia, wangu kushoto, wako kulia, utakumbuka. Mvua ikaja, na mwaka wa pili, na wa tatu, ua likaanguka, nikawa naamka usiku najiuliza: kushoto ukitokea wapi?"

Alipangusa mdomo.

"Kiangazi kilichopita ndugu zetu walikuja kutoka Vangaindrano kumchukua. Kwetu mtu halali ugenini. Mifupa inarudishwa kwenye kibory, nyumba ya wafu wa ukoo. Nikawaonyesha upande. Wakachimba. Wakakuta jino la dhahabu." Alikuwa akimtazama Charifa usoni. "Wakashangilia. Mjomba wetu alilia kwa furaha. Akasema, kumbe kijana wetu alifanikiwa huku, na sisi tulidhani anapasua kuni! Wakamfunga nguo mpya, wakasafiri naye, wakamchinjia ng'ombe wawili, wakamwingiza kibory upande wa wanaume. Akishaingia mle hatolewi. Watoto waliozaliwa mwaka huu wamepewa jina lake."

Charifa alishikilia kizingiti. Alitaka kupiga kelele, na papo hapo akataka kucheka, jambo lililomtisha zaidi. Daoudou, aliyekataa kula nyama isipokuwa ya mchinjaji anayemjua kwa jina, amelala mwisho wa kisiwa miongoni mwa mababu wa watu, amechinjiwa ng'ombe, anaombwa mvua. Na majina ya watoto juu yake!

"Na wewe," aliuliza kwa taabu, "ulisemaje walipoliona lile jino?"

"Walikuwa wameshaanza kuimba," Neny Vola alijibu.

Charifa aliyajua maneno yote. Aliyageuza upande huu na ule, na bado hakujua ameambiwa nini. Je, bibi huyu anakiri? Au anasimulia tu, hana habari? Ndipo Neny Vola alipoinuka akamwongoza mpaka nyuma, penye tuta dogo lililofagiwa, limezungushiwa mawe ya tanuri.

"Huyu ndiye wako," alisema. "Nimekutunzia."

*

Siku nzima Charifa hakula. Faouzia alimsogelea. "Umempata baba?"

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

"Mbali kidogo," Charifa alisema, na binti akafikiri ni mbali na mbinguni, akamshika mkono.

Alihesabu njia zake na hakuna iliyokuwa njia. Akisema ukweli, Zoubeiri na wanaume wenzake watakwenda kudai mifupa. Watu wa Vangaindrano wataambiwa wamemweka mgeni kwenye nyumba ya wafu wao, na kutoka hapo kurudi kwenye mapanga si mbali. Bibi aliyemzika mumewe kwa mikono yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kulipa. Akinyamaza, Daoudou atabaki kule milele bila hata aya moja, na yeye atakuwa amejenga maisha mapya juu ya kaburi la mpasua kuni. Alimpenda yule mwanamume, jino na majivuno yake yote. Usiku alilia kwa ajili yake kwa mara ya kwanza kama mjane, kimya, uso kwenye kanga. Asubuhi alituma habari Nosy Be kwamba shahidi amepatikana.

Fundi Mmadi alifika mwezi wa sita pamoja na Zoubeiri. Zoubeiri aliwasindikiza mpaka kona ya mtaa, akasema viatu vinambana, akabaki hapo. Kwa hiyo walikuwa watatu tu mbele ya tuta: Fundi asiyejua usemi wa bibi, bibi asiyejua usemi wa Fundi, na Charifa katikati.

"Muulize kama ni yeye aliyemzika mumeo."

Charifa aliuliza, kwa mzunguko wake wote, mpaka Fundi akashangaa swali fupi limekuwaje refu.

"Nilimzika kwa mikono hii," Neny Vola alisema. Charifa alifasiri.

"Muulize alama. Lile jino."

Charifa alimgeukia bibi akalitaja jino, tena kwa sauti ndogo, na alipolitaja alijua kuwa jibu lolote litakalokuja atalazimika kulibeba.

Neny Vola hakubabaika. "Mwambie nililiona. Mwambie nililijua."

"Anasema aliliona," Charifa alifasiri. "Anasema alilijua."

"Basi." Fundi alishusha pumzi. "Daoudou amefariki, Mungu amrehemu, na wewe uko huru tangu zamani. Mwambie bibi huyu nimemshukuru."

Aliinua mikono, akasoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, hata mbuzi akaacha kutafuna. Charifa aliinua mikono yake pia, na kila Fundi alipotaja jina la Daoudou juu ya udongo ule, alihisi anamsaliti mtu, ila hakujua ni nani kati ya wale wawili. Fundi alimaliza, akajipangusa uso, akaanza kutafuta viatu vyake.

Neny Vola alimvuta Charifa pindo la kanga.

"Mwambie asome tena," alisema. Alikuwa analitazama tuta, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Kaka yangu hakuwahi kusomewa na mtu."

Walitazamana. Charifa alijaribu kusema kitu kwa lugha ya bibi, kisha kwa yake, na zote mbili zikamkatalia.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza, kiatu kimoja mguuni.

"Anaomba usome tena, Fundi. Anasema aliyelala hapa hakuwahi kusomewa."

Fundi Mmadi alimtazama yule mwanamke kwa mshangao, akaguswa. Akavua kiatu, akarudi penye tuta, akaanza upya tangu mwanzo. Charifa alisimama bega kwa bega na Neny Vola, na kila baada ya dua akamnong'oneza mahali pa kusema amina.